Tunaenda Knoxville Nationals mara ya kwanza, naombeni maelekezo

Mama Jabali:
Wakuu habari za humu. Mume wangu kapewa tiketi tatu na wenzake wa kazini za kwenda Knoxville hapa Iowa, Agosti, siku ya Jumamosi, yale mashindano ya magari ya kwenye udongo yenye bawa kubwa juu kama meza imegeuzwa miguu. Yeye mwenyewe hajui kitu, kazichukua kwa vile ni za bure, na mimi ndo kabisaaa, mchezo ninaoujua ni mpira, tena wa kulazimishwa na mashemeji. Tuna kijana wa miaka 7 anapenda magari mpaka analala na tairi la gari lake la plastiki mkononi. Sasa naombeni kujua tukae wapi, twende mapema au jioni, mtoto hataumia masikio? Na la mwisho msinicheke, hivi kuna nini cha kuangalia siku nzima kwenye magari yanayozunguka sehemu moja? Nisije nikasinzia mbele za watu.

Kichwa Ngumu:
Dada utasinzia, nakwambia ukweli. Raundi, raundi, raundi, wote wanakata kushoto tu. Mimi nimekulia kwenye Safari Rally, gari linakuja peke yake na vumbi lake, unalisikia kabla hujaliona, linapiga dimbwi, maji juu. Hayo ya kuzunguka nilipelekwa mara moja hukohuko Marekani nikatoka na kichwa kinagonga na mchanga kwenye meno, hata aliyeshinda sikumjua. Mpelekeni dogo akale aiskrimu mrudi nyumbani.

Mwana wa Fundi:
Kichwa Ngumu, wewe ulikaa chini karibu na waya, ndo maana. Huo mchanga ulijitakia.

Dada Mama Jabali, mimi hii kitu nimelelewa nayo. Nilifikishwa Knoxville nina miaka 9, Agosti 2002, mwaka ule dereva Steve Kinser alipochukua Nationals yake ya 12 ambayo ndo ikawa ya mwisho, na tangu hapo mwaka nilioukosa ni 2020 tu, na huo tuliukosa wote kwa sababu ya korona. Kwahiyo weka chai pembeni, nitaandika kirefu.

Aliyenipeleka ni mzee wangu. Alikuwa fundi wa malori Kigoma kabla hatujahamia huku, na siku zile Kiingereza kilikuwa kinampiga chenga kabisa, jirani yetu mzungu mmoja akamwambia kwa ishara za mikono twende, tukapanda pikapu yake bila kujua tunaenda wapi. Mtangazaji anaongea, mzee haambulii neno. Magari yalipoanza kupita nikaona kafumba macho. Nikajua kachoka na shifti ya usiku. Kumbe anasikiliza injini. Akanigusa bega, akasema "hiyo inayopita sasa, silinda moja haichomi", na kweli raundi mbili hazikupita ile gari ikatoka pembeni ikazima. Yule jirani alimwangalia mzee kama kaona mganga. Mpaka leo wanaenda pamoja, mzee yuko sabini na kitu, na bado anafumba macho.

Sasa uangalie nini. Dada, acha magari, angalia udongo. Nasema kweli, sio mafumbo. Kiwanja cha Knoxville ni nusu maili, kama mita 800, na udongo wake ni mweusi, mfinyanzi mzito, ukiushika unanata kama ugali ambao haujaiva. Mchana boza la maji linapita na kurudi, greda linakwangua, halafu magari yenyewe yanatembea polepole kuushindilia kwa matairi. Watu wengi wanakuja baada ya hapo, wanakuta uwanja umeshaandaliwa, halafu wanashangaa kwanini mtu aliyekuwa anaongoza jioni kapotea usiku. Sisi tunafika alasiri jua bado kali, mzee na kofia yake ya majani, tunaangalia boza linamwaga wapi na wapi linaruka.

Kwasababu jioni mapema udongo bado una maji, gari linashika, dereva hapunguzi mafuta, mzunguko mmoja sekunde 15 na kitu. Lakini kila gari likipita kwenye kona linakwangua udongo kidogo na kuutupa nje, upande wa ukuta. Kidogokidogo kule juu panajengeka tuta. Huku chini, upande wa ndani wa kona, nako panakauka, panapata weusi wa kung'aa kama upara uliopitishwa wembe asubuhi hii, hapo gari linateleza utadhani kuna mtu kamwaga sabuni. Ikifika fainali, uwanja uliouona jioni sio huo tena. Na hapo ndo kazi ilipo: dereva abanie chini, njia fupi lakini haishiki, au apande juu aegemeze tairi la nyuma la kulia kwenye lile tuta, njia ndefu lakini inampa nguvu ya kutoka kwenye kona, na akizidisha kwa upana wa kiganja anapanda ukuta. Tuta lenyewe halitulii, kila raundi linasogea nje zaidi. Yaani wanakimbia juu ya njia inayohama.

Ukishalijua hilo hutosinzia, kwasababu utaanza kubishana na mumeo nani kachagua njia gani. Angalia yule wa tano au wa sita, sio anayeongoza. Anayeongoza mara nyingi ndo wa mwisho kujua njia imebadilika, mbele yake hana wa kumwangalia.

Na kuna kitu kinaitwa slaida, hicho mtoto ataruka kwenye kiti. Wa nyuma anaingia kwenye kona kwa chini, kasi kuliko inavyopaswa, anaachia gari liteleze kwa ubavu mpaka litokee juu mbele ya pua ya mwenzake, yule wa juu ama apunguze mafuta ama wagongane. Mjanja hapunguzi, anakata kurudi chini anapita palepale mwenzake alipotoka, kona inayofuata na yeye anamrudishia. Nimeona watu wawili wanapeana hizo raundi nne mfululizo na uwanja mzima umesimama, mtu hata soda hainywi.

2016 nilikuwa kona ya nne. Dereva Donny Schatz alikuwa keshachukua Nationals tano mfululizo, 2011 mpaka 2015, watu wengine walikuwa wameshachoka naye kama unavyochoka na timu inayoshinda kila msimu. Fainali ni raundi 50. Jason Johnson, kijana wa Louisiana, ndo akamzuia mwaka ule akashinda yeye. Mzee alifungua macho akapiga kelele kwa Kiha, lugha ambayo mle ndani tulikuwa tunaielewa wawili tu. Juni 2018 Johnson akafariki kwa ajali ya mbio kule Wisconsin. Agosti iliyofuata mzee hakufumba macho hata mara moja, alitazama tu.

Mtanisamehe nimetoka nje ya mada.

Pa kukaa: juu. Nusu ya juu ya jukwaa, sio mistari ya chini. Nilipokuwa na miaka 14 nilijifanya mwanaume nikashuka mstari wa tatu kona ya nne na miwani nimeisahau kwenye gari, bonge la udongo kama andazi likanipiga paji la uso, jingine likaingia kwenye kikombe cha soda kikapasuka. Jirani zangu walicheka mpaka wakalia. Mbaya zaidi nikakaa hapohapo kwa ubishi mpaka mwisho, nikarudi nyumbani mama akaniuliza nimezikwa wapi. Kwahiyo juu, na miwani kila mtu hata kama mko juu, upepo ukigeuka vumbi linawafuata. Usivae cheupe. Nasisitiza usivae cheupe.

Masikio ya mtoto: mnunulie vile vya kufunika sikio lote kama hedifoni, sio vile vidude vya kuchomeka, vile akicheka vinatoka na hatokwambia. Nyie wakubwa vizibo vinatosha. Magari 24 yakipewa bendera ya kijani kwa pamoja hausikii kwa masikio, unasikia kifuani.

Na kama mtafika asubuhi kuna makumbusho ya sprinti, ndo jina la haya magari, palepale uwanjani, upande wa kona ya pili, yamekuwepo tangu 1992. Mtoto atafurahi, kuna magari ya zamani ambayo dereva alikaa wazi kabisa, hakuna keji ya vyuma, anamshukuru Mungu tu.

Fundi Giaboksi:
Mwana wa Fundi umemaliza, mimi naongeza ya kwenye chuma tu maana dogo lazima atauliza maswali.

Hizo gari hazina stata. Hazina klachi wala giaboksi ya kubadilisha, injini inaunganishwa moja kwa moja na ekseli ya nyuma, kuna kuweka gia ndani na kuitoa basi. Ndo maana mtaona pikapu zinasukuma kila gari kutoka nyuma mpaka liwake, mimi napenda hapo kuliko mbio zenyewe, gari linasukumwa linakohoa, linakohoa, halafu linapiga kelele moja pikapu inaachwa. Na ndo maana mtu akizunguka katikati ya njia injini ikazima hawezi kuwasha mwenyewe, bendera ya njano inatoka, anasubiri kusukumwa.

Injini ni V8 ya inchi za ujazo 410, karibu lita 6.7, nguvu ya farasi kama 900, na gari zima pamoja na dereva ni kilo 640 hivi. Corolla yako ina uzito kama mara mbili ya hapo na nguvu haifiki hata robo. Sasa chukua hiyo iweke kwenye matope.

Dogo akiuliza kwanini tairi la nyuma la kulia ni kubwa, mwambie ndo linalolifanya gari litake kwenda kushoto lenyewe. Chukua kikombe cha karatasi, kilaze mezani, kisukume. Kinakata kona, si ndo hivo? Kwahiyo kwenye njia iliyonyooka dereva ana kazi ya kulizuia lisikate, na kwenye kona usukani wake umeelekea kulia huku gari linaenda kushoto. Likitoka kwenye kona tairi la mbele la kushoto linaning'inia hewani kama mguu wa kuku aliyelala.

Lile bawa sio urembo, upepo unalikandamiza chini gari lishike. Dereva ana lever ndani ya kulisogeza mbele na nyuma huku anaendesha, kwahiyo uwanja ukikauka angalia bawa, utaona limerudishwa nyuma. Hiyo dada ni siri ya bure, mwambie mumeo ajifanye anajua. Na gari likipinduka bawa ndo linalokunjika kwanza, linapunguza ule mshindo.

Jambo moja zito kidogo. Mafuta yao ni methanoli, na moto wake mchana hauonekani vizuri, hauna moshi mweusi wala rangi ya kueleweka. Ukiona dereva anatoka kwenye gari anajipigapiga mwili na mafundi wanakimbia na maji wakati wewe huoni kitu, sio wazimu, anaungua. Haitokei mara kwa mara lakini bora ujue kabla mtoto hajauliza.

Mwana wa Fundi:
Umenikumbusha. Dada, gari likipinduka vibaya bendera nyekundu inatoka, injini zote zinazimwa, na uwanja mzima unanyamaza. Maelfu ya watu, kimya, unasikia bendera zinapepea. Mpaka dereva atoke kwenye keji asimame kwa miguu yake, hapo ndo watu wanapiga makofi, awe wao au wa mpinzani. Mwambie kijana wako mapema asiogope ule ukimya.

Dada wa Melbourne:
Hata huku Australia wapo jamani, Warrnambool kila Januari, magari hayahaya ya 410 na Wamarekani wanakuja. Mama Jabali mimi nilikuwa kama wewe, nilipelekwa na wakwe. Ushauri wangu ni mmoja tu, mwanzoni mchague gari moja kwa rangi, mambo ya majina achaneni nayo. Sisi mtoto alichagua la zambarau. Lilimaliza la pili kutoka mwisho na tulishangilia kama limeshinda dunia. Na mbebe kitambaa chenye maji, cha kumfuta uso, sio cha karatasi, cha karatasi kinageuka uji.

Kichwa Ngumu:
Sawa, nimesoma yote. Hiyo ya kikombe cha karatasi nimeijaribu mezani kazini, kweli kinakata kona, bosi kaniuliza nafanya nini. Lakini bado wanakata kushoto tu.

Fundi Giaboksi:
Mkuu wewe njoo Tulsa Januari, Chili Bowl, hizo ni midgeti, ndogo, silinda nne, hazina bawa, wanakimbilia ndani ya jengo kwenye udongo ulioletwa na malori. Magari zaidi ya 300 wanachujana wiki nzima. Nako wanakata kushoto tu. Utarudi umenyamaza.

Mama Jabali:
Jamani nimerudi. Samahani kwa kukaa kimya, tumelala Jumapili nzima.

Kwanza asanteni sana. Tulikaa juu kama tulivoambiwa. Mume wangu alijifanya mtaalamu wa bawa, kila dakika "unaona limerudishwa nyuma", mzungu wa mbele yetu akageuka kumsikiliza, baadaye wakawa marafiki na sasa wanatumiana meseji. Mimi nilianza na la rangi, la machungwa, likatolewa kwenye ile michujo ya mwanzo, zile fainali za D na C na B ambazo wa kwanza wachache wanapanda kwenda juu, kwahiyo nikahamia la bluu. Halafu nikaacha yote mawili nikaanza kuangalia udongo. Na niliona! Kona ya pili chini pakaanza kung'aa, nikamwambia baba Jabali hapo patateleza, akasema aah, raundi mbili mbele mmoja akateleza hapohapo akapitwa na wawili. Nilisimama nikanyoosha mikono kama nimefunga goli. Sijui hata kapitwa nani.

Pale kabla ya fainali walipojipanga wanne wanne kwa upana wakapita polepole mbele ya jukwaa kusalimia watu, mtoto aliuliza "mama, sasa wanaagana?" nikakosa la kumjibu, nikaona machozi yananitoka bila sababu. Nikasingizia vumbi.

Ukimya ulitokea mara moja. Gari lilibingirika, sikuhesabu mara ngapi. Mwanangu alikuwa kavaa vile vya masikio kwahiyo hakusikia watu wamenyamaza, aliona tu nyuso zetu, akavivua mwenyewe, akanishika mkono. Dereva alitoka. Mwana wa Fundi, asante kwa kuniambia mapema, ningepiga mayowe.

Mbio zilipoisha walituruhusu kuingia kwa mafundi. Dogo akasimama mbele ya gari moja lililojaa tope, fundi mmoja mzee akabandua kipande cha udongo mkavu kwenye lile tairi kubwa la nyuma akampa, alama za tairi zimechapika juu yake vizuri kabisa. Kakiweka kwenye boksi la viatu, hataki mtu akiguse. Lile tairi la plastiki lala salama.

Sasa swali la mwisho. Sikuvaa cheupe, nilitii. Lakini mtandio wangu ni wa krimu nilidhani krimu sio nyeupe. Nimeuloweka tangu jana usiku na umekuwa wa kijivu wote, huo udongo unatokaje?

Mwana wa Fundi:
Dada umeuloweka??

Dada wa Melbourne:
Jamani kaloweka.

Mwana wa Fundi:
Pole sana. Huo mfinyanzi hautiwi maji ukiwa mbichi, unaachwa ukauke kabisa, halafu unakung'utwa nje na kusuguliwa kwa brashi kavu, ndo unafua. Ukiutia maji unakuwa umepaka rangi. Nimemsomea mzee hapa, kacheka, anasema nikwambie mtandio huo ndo wa Agosti ijayo.